Pini Aliyoiacha Bibi Kristina

Plastiki ikiungua, hata kiwe kifuniko tu cha ndoo kilichosogezwa karibu na jiko, mimi hurudi Moshi mjini, kwenye kiduka cha sonara, na uchovu wa siku ile hunirudia mwilini. Harufu ile mbaya ndiyo iliyomnyang'anya mama yangu kitu pekee alichodhani ameachiwa na mama yake.

Mama alifiwa na mama yake akiwa bado ananyonya, huko Kilema, kabla ya vita kuu ya pili. Picha haikuwepo. Akalelewa na mama yake mkubwa, ambaye sisi tulimwita Bibi Kristina. Bibi alikuwa na pini ya kifuani, ukubwa wa kiini cha yai, yenye uso mweupe wa mwanamke wa Kizungu uliochomoza juu ya duara la kahawia. "Hii ilikuwa ya mama yako," alimwambia Mama, naye alipokuwa mdogo aliubusu uso ule kila jioni akidhani ndiye. Tulimcheka sana kwa hilo, na yeye alicheka pia. Bibi yetu mzaa mama, na pua ndefu vile!

Bibi Kristina alipofariki, pini ikawa ya Mama. Akataka kujua ina umri gani, ili awe na walau jambo moja la hakika juu ya marehemu mama yake. "Kuuliza si ujinga," alisema. Tukateremka mjini. Asubuhi yote iliishia kwenye foleni ya sabuni, na sabuni ikaisha kabla hatujafikiwa. Tuliingia kwa sonara miguu ikiwaka moto.

Sonara, mzee wa Kihindi, aliinua pini kwenye mwanga wa dirisha. Alitueleza bila haraka kwamba pini za kale za namna hii huchongwa kwenye kombe la baharini, na ukiziinua hivi mwanga hupenya. Yetu haikupenyeza kitu. Akapasha sindano moto, akaigusa mgongoni. Ndipo harufu ikatoka.

"Plastiki, mama. Hizi tulianza kuziona madukani baada ya vita."

"Baada?"

"Baada. Pole, mama."

Mama akaifunga kwenye kitambaa. Alikuwa kama amefiwa upya, na mimi nilimwonea huruma. Tulipokuwa tunapanda kurudi nyumbani, alikaa kwenye ukingo wa mfereji, akavua viatu.

"Nilimsumbua mno Bibi yenu," alisema hatimaye. "Kila siku, mama yangu alikuwaje, mama yangu alikuwaje. Amerudi kutoka shambani hoi, hata hajabandika chungu, na mimi namuuliza. Akaenda kunitafutia cha kunijibu."

Jumapili aliivaa kifuani, tukaenda misani. Nje ya kanisa jirani mmoja akaisifia, akamwuliza ameipata wapi.

"Ya mama yangu," akajibu.

Nilikuwa ninajiandaa kwa komunyo ya kwanza, nikaogopa sana. Uongo, tena mlangoni mwa kanisa! Nilimwombea wiki nzima. Nilishakuwa mtu mzima, natoka kazini nimechoka na watoto wangu wananing'ang'ania kwa maswali, ndipo nilipoelewa kwamba siku ile Mama alikuwa anamtaja Bibi Kristina.