Zaina Ndani ya Dinamo

Petroli ikichanganyika na mawese, harufu yake hunirudisha, wenzangu, kwenye ua wetu wa Rumonge, mwaka ule wa Uhuru. Baba alibeba mawese ya Kizuka kwa kamyoneti yake, na harufu ile haikumtoka mikononi hata siku ya Idi.

Mama alikuwa hospitali Usumbura, amejifungua salama, na asubuhi hiyo tulikuwa twende kumleta yeye na mtoto. Lakini ile taa nyekundu karibu na usukani, inayotakiwa kuzimika mota ikishanguruma, ikabaki inatuangalia tu.

"Betri imechoka," bibi akasema, kama vile yeye ndiye fundi.

"Betri iko muzima, mama. Dinamo ndiyo haiilishi," baba akamjibu. "Tukienda hivi, tutalala njiani, pale Gitaza, na samaki ndagala."

Akaifungua dinamo juu ya mkeka. Ndani, yale makaa mawili madogo yanayosugua kopa, ile shaba inayozunguka, na kupokea umeme yalikuwa yamelika, yamebaki kama ukucha. Mimi nikaanza kulia, nikidhani mama hatarudi tena. Baba akaninyooshea kiganja cheusi.

"Mama yangu, unipe Zaina."

Zaina alikuwa mtoto wangu wa kuchezea: betri ya redio, iliyokufa wiki ile mtaa mzima ulipojaa kwetu kusikiliza habari za Uhuru. Nilimfunga kipande cha kitenge, nikawa nambeba mgongoni. Baba akasema ndani yake mna kijiti cha mkaa, na hicho ndicho dawa ya dinamo.

Nilimvua kitenge mwenyewe. Baba akampasua polepole, akakata kijiti vipande viwili, kimoja akanipa mimi pamoja na jiwe la kusugulia. Tukasugua pamoja mpaka vikakaa mahali pa yale makaa.

"Vidole vyeusi vile, nani atamuoa?" bibi akanicheka.

Mota ikanguruma, taa ikazimika. Njia nzima nilikaa mbele, nikimnong'oneza Zaina asichoke. Tulipofika, mama akanipakatisha mdogo wangu, nami nikamwambia Zaina ndiye aliyetuleta.

"Ni kweli," baba akasema, bila kucheka.

Nilikuwa msichana mkubwa siku nilipofagia chini ya kitanda cha baba, nikavuta kopo la maziwa lililojaa betri zilizokufa tangu kabla ya Zaina, zimeota kutu. Yoyote kati ya zile ingetosha. Baba hakuwa amekosa mkaa asubuhi ile. Alikuwa na mtoto anayelia, akampa kazi.