Siku Baba Mdogo Alipokwenda Kudai Mshahara wa Dorotea

Hasira zilimpandia Dorotea Nyamhanga dukani kwa Makongoro, Bunda, alipokwenda kununua mabati ya nyumba yake ya Kamunyonge, Musoma. Makongoro, kabla ya kufungua hilo duka la mabati na misumari, alikuwa msimamizi wa bidhaa kwenye kiwanda cha minofu ya samaki hukohuko Musoma. Kazi hiyo sasa alikuwa nayo Dorotea.

Na si kazi ya kuchezea. Msimamizi wa bidhaa ndiye anayeamua sangara wa leo akatwe vipi, mnofu ubaki na ngozi au uchunwe, upi upakiwe kwenye barafu upande ndege na upi ugandishwe. Mnunuzi akirudisha mzigo, anayeitwa ofisini kujieleza ni yeye.

"Wanakulipaga vizuri wale?" Makongoro aliuliza huku akimhesabia misumari.

Dorotea akautaja mshahara wake waziwazi, maana aliuona mkubwa. Makongoro alicheka mpaka misumari ikamtoka mkononi.

"We Dorotea! Mimi nilikuwaga nachukua mara tatu ya hiyo. Na nilikuwaga nalalamika!"

Mara tatu. Kazi ile ile, mabuti yale yale, baridi ile ile ya chumba cha barafu inayoingia kwenye mifupa na haitoki. Dorotea alirudi Musoma na mabati yake. Alikumbuka siku aliyopewa cheo. Keraryo, meneja utumishi, alimwambia, "Tumekuheshimu sana, dada, wewe uliyeanzia kwenye meza ya kukata," naye akajibu asante. Asante! Waliokulia kwenye foleni za sabuni na unga wa njano wamezoea kushukuru kabla hawajaangalia walichopewa. Miaka ya ruksa ilipofika, biashara zikafunguliwa, matajiri wakaja na viwanda vyao, wakakuta watu wameshafundishwa asante. Nani angewalipa zaidi?

Sasa hapa ndipo utakapomkasirikia Dorotea mwenyewe. Badala ya kwenda kugonga mlango wa Keraryo kesho yake, alikwenda Butiama kumwita baba yake mdogo.

Lakini usimcheke upesi. Kwao mtu hajitajii bei. Siku ya mahari yake alifungiwa ndani na shangazi zake, wazee wakabishana uani, na hata aliposikia anapunguziwa ng'ombe kwa sababu ana mwanya hakufungua mdomo. Binti anayejisemea kwenye mambo kama hayo huambiwa anajiuza. Tena kiwandani alikuwa mwepesi wa kusema, akiwagombeza wanaume wa kupakia mpaka wanainama. Ila likija suala la yeye mwenyewe anastahili kiasi gani, ulimi ulimwishia.

Baba mdogo Magesa ndiye aliyemwozesha, na wakwe walimwogopa. Alishawahi kumrudisha ng'ombe mzima kwa kosa la pembe.

"Mtoto wetu wanamchukua kwa bei ya mbuzi?" alisema aliposikia. "Nakuja."

Alikuja kiwandani amevaa koti zito kwenye jua la mchana, fimbo mkononi. Angekuta mgeni ofisini pale, angefukuzwa, na ingekuwa heri. Lakini alimkuta Keraryo, mwenyeji wa Bunda, mtu aliyesomea mambo ya wafanyakazi na kuoa kwa ng'ombe vilevile. Keraryo alielewa kila kitu palepale. Alisimama, akampokea mzee kwa mikono miwili, akaagiza soda na samaki wa kukaanga. Dorotea alipovuta kiti, Magesa alimtazama tu. Dorotea akatoka. Akaenda kusimama nje kwenye korido kama msichana, yeye mama wa watoto, huku jasho lake likijadiliwa na wanaume wawili wanaotoa miba mdomoni.

Vicheko ndivyo alivyosikia. Halafu Magesa akatoka uso unang'aa.

"Wametoa," alisema. "Kidogo kwanza. Mengine watamalizia. Wale ni watu, mwanangu. Wamekiri kwamba tumewapa mtu."

Hicho kidogo kilikuwa cha kununulia sukari.

"Na hayo mengine lini, baba?"

"Mahari haiishi. Ukimdai mkwe akamaliza siku moja, umeua undugu."

Na Butiama hiyo ni kweli tupu. Ng'ombe wanaobaki ndio wanaowafanya watu watembeleane, wazikane, wasameheane. Lakini kampuni inamzika nani? Kampuni ilishakaa na mtu kwenye msiba lini? Keraryo alilijua hilo vizuri sana. Alimvisha mzee kilemba cha ukoka, na mzee akarudi kijijini anakigusagusa kichwani kwa furaha.

Mwisho wa mwezi ulifika, mengine hayakuja. Mwezi uliofuata vilevile. Katikati hapo kiwanda kipya kilichokuwa kinajengwa kando ya ziwa kilimtumia Dorotea ujumbe aende kwao, na habari hiyo ikazagaa mpaka ofisini. Keraryo akikutana na Dorotea kwenye ngazi alimwita, "Shemeji, hujambo?" na kucheka. Ngoja ngoja yaumiza matumbo, na la Dorotea lilikuwa linawaka moto. Akaenda ofisini kuuliza.

"Dada, mambo hayo tulishamaliza na mzee," Keraryo alisema kwa upole, upole ule unaoudhi kuliko tusi. "Unataka kumvunjia heshima mzee wako?"

Dorotea akamwita tena Magesa. Mzee akaingia, akakaa, akatoka na kifurushi kimefungwa kwenye gazeti.

"Baada ya Pasaka," alisema. "Na wametupa minofu."

Dorotea alikitazama kile kifurushi. Samaki waliochunwa asubuhi ile mbele ya macho yake, kwa amri yake, ndio waliomnunua baba yake mdogo. Alimwacha pale pale kwenye korido, akausukuma mlango wa Keraryo bila kubisha, aproni yake ikiwa bado mbichi.

"Karibu ukae," Keraryo alisema.

"Sikai. Nataka mshahara aliokuwa anaupata Makongoro. Kuanzia mwezi huu. Kiwanda kipya kinachojengwa wameshaniita, na wewe unajua wameniita. Ukikataa, leo ndiyo siku yangu ya mwisho hapa."

Sauti ilimtetemeka, na mwenyewe aliisikia inatetemeka, lakini maneno yalitoka yote. Keraryo alizungusha kalamu mezani. Alitazama dirishani. Halafu akasema, "Sawa. Kuanzia mwezi huu."

Hivyo tu. Bila soda.

"Na miezi niliyosubiri?"

"Hiyo tulishakubaliana na mzee." Akatabasamu. "Lakini dada, ungesema hivi mwenyewe siku ile ya kwanza, tungemaliza siku ile ile."

Maneno hayo yalimchoma kuliko mshahara mdogo wa miaka yote, kwa sababu yalikuwa kweli. Angependa kumpiga. Alitoka, akaufunga mlango kwa nguvu hadi makarani wakainua vichwa.

Magesa alikuwa bado amesimama na kifurushi chake.

"Wamesemaje?"

"Wamekubali yote."

Mzee aligonga fimbo sakafuni kwa furaha. "Nilikuambia! Nilikuambia watamalizia! Wakwe ni kuwavuta polepole." Akamsogelea, akapunguza sauti. "Sasa mwanangu, unajua na mimi niliyekaa kwenye mazungumzo nina mbuzi wangu hapo."

Dorotea alimtazama mzee yule aliyempenda na ambaye, saa ile, hakutaka kumwona.

"Mlango ni huo, baba," alisema. "Mdai Keraryo. Ninyi ndio mliokubaliana."