Gia Laini ya Gari Jekundu

Mjomba wangu Mabula anafungua gia boksi pale Somanda, Bariadi, tangu sijazaliwa, na hadi Jumamosi ile nilidhani najua habari zake zote. Najua anakunywa chai bila sukari. Najua habari za injini anawaachia mafundi wengine. Yeye anakaa kwenye kiti cha dereva, anafumba macho, anashika gia kwa vidole vitatu kama mtu anayepima joto la mtoto mgonjwa, halafu anakuambia jino gani limelika. Mwalimu wetu wa fizikia alipotufundisha msuguano, nilimnong'oneza mwenzangu kwamba mjomba anayajua haya yote kwa kiganja.

Jumamosi hiyo Sharifu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alitaka kununua gari la spoti. Dalali mmoja wa Mwanza, Marcelo, alimletea mawili achague, jekundu na jeupe, yote ya milango miwili na yote ya gia za mkono. Sijawahi kuona magari mafupi namna ile. Sharifu alisema kesho yake alfajiri anaondoka na mkewe Anifa kwenda Tanga kwa wakwe, milima ya Sekenke kwenda na kurudi, kwa hiyo fundi amwambie achukue lipi.

Mjomba alianza na jeupe. Akazunguka nalo hadi stendi na kurudi.

"Hili linabisha," alisema. "Ukisukuma ya pili inakugomea kidogo, halafu inaingia ko, unaipata mpaka kwenye kiwiko."

Akapanda jekundu. Aliporudi alibaki ameshika gia. Nikaomba na mimi nijaribu.

"Zima injini kwanza. Kanyaga klachi mpaka mwisho."

Gia za jeupe zilinichosha mkono. Za jekundu zilipita kama kijiko kwenye mtindi, ya kwanza, ya pili, ya tatu, wala sikujua nimefika saa ngapi. Nikasema jekundu, tena kwa mbali.

"Hata mwanafunzi kajua," alisema Marcelo.

"Chukua jeupe," mjomba akamwambia Sharifu.

Watu wakacheka, na aliyecheka kuliko wote ni Josia. Josia anauza spea za zamani kwenye kibanda kilichomo humo humo uani kwa mjomba. Zamani alikuwa dereva wa malori ya pamba, sasa mguu wake wa kushoto unaishia gotini.

"Mabula amezoea matrekta," alisema. "Akishika kitu laini anaogopa."

"Nipe sababu, fundi," alisema Sharifu.

"Laini mno, tajiri. Chuma kikikutana na chuma lazima mkono upate habari. Humu habari hakuna. Tumwage oil tuone."

"Ukifungua umenunua," alisema Marcelo. "Oil nimebadilisha juzi."

Sharifu akatazama saa, akatazama jekundu. "Samahani, fundi. Hiyo sababu haijanishika. Nachukua hili."

Mjomba alimwangalia Josia. Nakumbuka kwa sababu nilidhani anataka ampe spana.

"Humo kuna mashudu," alisema.

Mimi mashudu nayajua kama chakula cha ng'ombe, yale makapi yanayobaki mbegu za pamba zikishakamuliwa mafuta. Kila nyumba ya kwetu yenye ng'ombe inayo. Sikuelewa yanaingiaje kwenye gari la spoti.

"Yanatwangwa mpaka yawe unga," mjomba aliendelea, taratibu. "Yanachanganywa na oil nzito. Yanajaa kwenye meno, kelele inakwisha, gia inakuwa tamu. Wiki mbili, labda tatu. Yakipata moto sana yanaganda, na ukiwa kwenye mteremko gia inajitoa yenyewe."

"Umejuaje?" aliuliza Sharifu.

"Nimewahi kuyatia."

"Kwenye gari gani?" Huyo alikuwa Josia, na hakuwa anacheka tena.

"Lori la pamba. Lile la Mwandoya. Mwaka 2011. Mwenye lori alitaka limalize msimu."

Nikakaa kwenye tairi. Habari ya lori la Mwandoya nimeisikia tangu niko mdogo. Kwamba Josia aliteremka kuelekea mtoni gari likiwa fri, gia ameitoa, ili abane dizeli, likamshinda, likapinduka naye. Mguu ukakatwa na hakupewa gari tena. Hata mama yangu huwa anawaonya madereva kwa kumtaja yeye.

"Ilikuwa ya tatu," alisema Josia.

"Ya tatu ndiyo iliyokuwa mbovu."

"Ilinitoka mkononi. Nikairudisha, ikatoka. Nilimwambia askari. Nikamwambia mwenye lori. Nikamwambia mke wangu. Halafu na mimi mwenyewe nikaanza kuamini kwamba nilitia fri." Akamgeukia mjomba. "Ulijua lini, Mabula?"

"Siku ile ile."

"Miaka kumi na minne tunakula ugali sahani moja."

"Ndiyo."

"Na hiki kibanda ulinipa kwa ajili hiyo."

Mjomba alifuta vidole vyake kwa tambara, kimoja kimoja.

"Nilidhani unanipenda," alisema Josia.

Sharifu ndiye aliyeokota spana. Aliingia chini ya jekundu na kanzu yake nyeupe, akafungua nati, na Marcelo hakumzuia. Ilitoka oil nzito kama uji, ina chembe za kahawia, inanuka kiwanda cha kukamua mbegu za pamba. Nilikuwa nimeipenda gia ile. Nilitazama mkono wangu nikaona umenidanganya mbele ya watu.

Sharifu akamrudishia Marcelo funguo, hata la jeupe hakuliulizia.

"Kwandu," Josia aliniita, "nitafutie chupa ya maji, hata iliyotumika."

Niliikinga pale oil inapotoka mpaka ikafika nusu. Akaipokea, akaiinua juani, kisha akampa mjomba.

"Mke wangu, Mama Elizabeth, hajaniuliza tena habari za lori," alisema. "Lakini najua hakuniamini. Sasa wewe utakwenda kumwambia, leo. Mimi nitakaa pembeni nisikilize."

"Twende," alisema mjomba. Sauti ilikuwa ndogo.

"Utamwambia yote. Na hiyo siku ile ile."

"Nitamwambia."

Wakatoka getini. Mjomba alikuwa anapunguza mwendo ili Josia na magongo yake asiachwe nyuma. Walipofika kwenye mtaro alinyoosha mkono amsaidie, kisha akaurudisha. Josia akavuka mwenyewe.