Nusu ya Mlango

Tarehe tisa Julai 1955 nilifiwa na mke wangu. Aliugua kichomi. Hatukuwa tumejaliwa mtoto, kwa hiyo nyumba ilibaki na mimi peke yangu.

Tuliishi mlimani, juu ya Mbalizi, upande wa Mbeya. Kanisa letu lilikuwa bado changa. Tulilijenga wenyewe kwa matofali mabichi, tukaliezeka kwa nyasi, na mahali pa mlango palikuwa wazi tu. Sadaka zetu zilikuwa mahindi, mayai na viazi. Senti zilionekana mara chache, na zikionekana zilikwenda kumlipia mwalimu wa kanisa kodi yake ya kichwa ili asikamatwe. Kila mwaka tulisema tutaweka mlango.

Mke wangu ndiye aliyechoka kungoja. Wanawake walikaa upande wa kushoto, naye alikaa mwisho kabisa, karibu na huo uwazi, akiwa na kijiti mkononi. Mbuzi walipenda kuingia wakati wa sala, watu wakiwa wamefumba macho. Yeye alisali macho wazi. Mara unasikia kijiti, pa! Mbuzi analia, watoto wanacheka. Siku moja baada ya ibada aliwaambia wenzake, "Jamani, mwisho hawa watataka kubatizwa." Wakaanza kupeleka viazi sokoni Mbalizi, msimu baada ya msimu, mpaka wakanunua mbao. Walizibeba wenyewe kichwani kupanda mlima, huku wakiimba, wakaziegemeza ukutani ndani ya kanisa. Kabla fundi hajapata nafasi, mke wangu akalala kitandani.

Fundi huyo ndiye aliyekuwa mzee wa kanisa. Asubuhi ya msiba alikuja kunipa pole akiwa na kamba ya kupimia mkononi. Nilimwambia tutamzika na blanketi, kama alivyozikwa baba yangu.

"Baba yako hakubatizwa," akasema. "Mkristo hafukiwi kama kiazi, mwanangu. Atapata sanduku."

"Mbao zitatoka wapi, baba?"

Akatazama upande wa kanisa.

"Zile ni za mlango," nikasema. "Kazi yake ile."

"Sasa kama ni kazi yake, tumpe nani mwingine?"

Lilikuwa sanduku la kwanza katika kanisa letu, na watu walilisifu. Mimi sikuweza kulisifu. Niliziona zile mbao zikishuka kaburini, nikakumbuka jinsi zilivyopanda mlima.

Jumapili zilizofuata upepo wa Julai uliingia kama kawaida, na mbuzi walifika mpaka mbele, kwenye meza ya Bwana. Watu walikuwa wakilalamikia mlango, lakini nikisogea wananyamaza. Walifanya hivyo kwa wema. Wema ule ulinifanya nikae mbali nao. Hakuna aliyenidai mbao. Nilitaka tu kitu alichokianza mke wangu kimalizike, maana hakuacha kingine. Nilipojaribu kusali, sikupata neno lolote zaidi ya hilo.

Baada ya mavuno nikaenda Iringa, kwao mke wangu, karibu na Igowole, kwa sababu huko kulikuwa na wapasua mbao. Mama mkwe alinipokea kwa heshima, bila kunitazama usoni, nami vivyo hivyo. Alinipa kibanda cha kulala kando ya nyumba yake. Chakula alikiweka nje ya mlango wangu, akaongea nami akiwa amenipa mgongo. Yeye hakuwa Mkristo.

"Nimesikia mlimzika kwenye mbao, mkwe."

"Ndiyo, mama."

"Maisha yake yote alilalia majani. Na mlango wake? Alipokuja kunisalimu aliniambia mbuzi wanahudhuria kuliko ninyi."

Nikamwambia ndicho kilichonileta.

"Basi kapasue," akasema.

Nilifanya kazi msituni mpaka mvua za kwanza. Gogo huwekwa juu ya shimo, mtu mmoja anasimama juu na mwingine chini, wanavuta msumeno. Mimi niliwekwa chini. Unga wa mbao ulinimwagikia machoni kutwa nzima, macho yakawa mekundu, na hakuna aliyeniuliza sababu. Niliomba nilipwe mbao badala ya fedha. Msimamizi alicheka, lakini alinipa mbao nzuri.

Nikapata lori la kwenda Mbeya. Tandiboi wake alizipokea mbao juu, akanitazama.

"Kaka, hiyo nyumba iko wapi?"

"Si nyumba. Ni mlango."

"Mlango bila nyumba! Nani atakubali kuolewa na huyu?"

Abiria wakacheka. Sikuona sababu ya kumweleza.

Mbao nikaziegemeza palepale ukutani zilipokuwa zile za kwanza. Mzee wa kanisa akazipapasa, akasema ataanza wiki ijayo. Wiki hiyohiyo mtoto wa jirani yangu akafa kwa surua. Jirani alikuja akasimama uani kwangu. Hakusema alichotaka. Aliuliza habari za safari, nikamwambia ni nzuri. Akauliza habari za mvua huko Iringa. Tangu msiba wangu watu wote walikuwa wanazikwa na sanduku, na yeye hakuwa na hata ubao wa kukalia.

"Nenda kachukue," nikamwambia.

Akainamisha kichwa, akaenda. Nilipobaki peke yangu nilimwonea uchungu, na mbao pia nilizionea uchungu. Yote mawili yalikuwa ya kweli.

Sanduku la mtoto ni dogo. Mbao zilizosalia zilitosha mlango wa kufika kifuani tu, na fundi akaupigilia hivyohivyo.

"Upepo utaingia," akasema, "ila mbuzi watabaki nje."

Jumapili yake tulipita hapo mmoja mmoja, kila mtu akiugusa kwa mkono. Mahali pa mke wangu hapakukaliwa na mtu. Nilikaa upande wa wanaume na wakati wa sala sikufumba macho. Mbuzi mmoja alikuja, akaweka miguu ya mbele juu ya mlango, akachungulia ndani. Hakuna aliyeinuka kumfukuza. Alitutazama, kisha akashuka, akaenda zake.