Deo, Mtafsiri wa Sinema Aliyezima Sinema

Mpaka sasa nashika simu nimpigie Deo, halafu nakumbuka. Moyo wake ulisimama Alhamisi asubuhi akijiandaa kwenda shift hotelini. Niacheni niseme, ndugu zangu, maana wengi mnamjua kwa kuchekesha tu.

Hapa mtaani kwetu Gulfton, Texas, hakuna asiyejua Jumapili zake. Tukitoka Misa tunajaa sebuleni kwake, anaweka sinema ya Kiingereza, anapunguza sauti, anatutafsiria kwa Kiswahili mwanzo mwisho. Ufundi huo alitoka nao kambi ya wakimbizi Tanzania, kwenye kibanda cha video.

Na alitia chumvi huyo! Kila jambazi na jina lake, kila polisi na kitambi chake. Nasema bila kupepesa macho, Texas nzima hakuna aliyemfikia.

Mwaka 2018 akaweka sinema ya upelelezi. Mauaji ya zamani huku Kusini mwa Marekani, enzi za Wamarekani weusi kudai haki zao, na wauaji ni askari wenyewe. Deo akafanya kama kawaida. Mkuu wa polisi akamwita Afande Kitumbo, tukacheka mpaka chai ikamwagika.

Siku hiyo alikuwepo jirani yetu Bibi Lorraine, Mmarekani mweusi wa miaka sabini na kitu. Kiswahili hajui. Alichoona yeye ni mtu mweusi anapigwa kwenye TV na Waafrika wanacheka.

Akasimama. "Deo, what's funny?" Akasema kaka yake alichukuliwa nyumbani na watu kama wale, hakuonekana tena.

Nilitamani ardhi ipasuke.

Deo angeweza kusingizia lugha. Hakusingizia. Alizima TV, akamwambia kosa ni lake, amelifanyia mchezo jambo lisilo la mchezo. Kisha akatugeukia, akatutafsiria maneno ya bibi bila kuongeza hata punje. Sisi tuliokimbia vita hatukuhitaji maelezo zaidi.

Bibi alishachukua mkoba, yuko mlangoni. Nilijua akitoka harudi.

Deo akamuuliza kama kaka yake aliwahi kukaliwa msiba. Hapana. Mwili haukupatikana, na mama yao aliogopa hata kulia, watu wasije wakasikia.

"Basi tunakaa leo," Deo akasema. "Dada Spe, tandika mkeka."

Nilitandika. Wanaume wakatoa viti wakakaa nje kwenye parking, wanawake tukabaki na bibi. Watu wakapita mmoja mmoja, wakamshika mkono kwa mikono miwili: "Pole sana." Maharage yakapikwa. Bibi alilia mpaka jioni, nasi tukalia naye, kifo cha zaidi ya miaka hamsini.

Toka siku ile akawa wetu. Ukimkosa kwake, mtafute kwa Deo.

Kaka Deo, nikupe habari za kwako. Bibi Lorraine alifika wa kwanza, kabla hata yangu mimi. Amekaa chini mkekani na magoti yake yale mabovu, kila anayeingia anampa pole kwa Kiswahili chake cha kuungaunga.

Jana nilimsihi aende nyumbani akapumzike. Akaniuliza kwetu msiba hukaliwa siku ngapi. Nikamwambia.

"Okay then, baby," akasema, akasogea anipishe nafasi.

Lala bila wasiwasi, kaka yangu. Msiba wako una wenyewe.