Mama Deki, mtunzi wa wodi ya macho

Saa mbili asubuhi, Mama Deki, kama wagonjwa wanavyomwita, anakamua tambara kwenye ndoo na kutupa jicho dirishani. Wodi nzima imefungwa bandeji machoni.

"Haya, leo nje kuna nini?" anauliza dereva mstaafu wa malori aliyelala kitanda cha mwisho.

"Mwanamke amebeba godoro kichwani. Mvua inanyemelea, naye hana haraka."

"Kwa nini hana haraka?"

"Hapo sasa. Ngoja nimalize huku uvunguni, nitakwambia."

Hivi ndivyo hadithi zake zinavyozaliwa. Mama huyu wa watoto watatu, aliyeishia shule ya msingi, amefanya usafi hospitalini hapa kwa miaka kumi na mmoja. Mkusanyiko wake wa kwanza wa hadithi fupi uko kwa mchapaji.

Zamani, anasema, aliandika wee, lakini hakuna kilichosimama. "Nilikuwa naandika mapenzi ya matajiri, majumba na magari. Mume wangu akasoma, akaniuliza, 'Mke wangu, hawa watu umewajulia wapi?' Nikaacha."

Aliyemrudisha ni bibi mmoja aliyefungwa macho yote mawili, aliyemwomba amsimulie ya nje.

"Nikamwambia watu wanapita. Akasema, 'Mjukuu wangu, watu wanapita hata ndotoni. Nipe mmoja.' Basi nikatazama. Nadhani siku ile ndiyo nilitazama kwa mara ya kwanza."

Tangu hapo anamchagua mtu mmoja dirishani, anajiuliza swali moja juu yake, kisha anaandika akifika nyumbani.

Dereva alikuwa mtihani. Upasuaji wa jicho la kwanza haukufua dafu, naye akakataa wa pili. Muuguzi mkuu alimsihi, mwanawe akamsihi, akawa kama ametia pamba masikioni. Mama Deki hakumsihi. Alimtungia hadithi ya mwenye lori aliyekwama darajani kwenye ukungu, akawa anammegea kipande kila asubuhi.

"Mwishoni nikamfanya ageuze arudi alikotoka. Mzee akanuna. 'Wewe mama, huyo si dereva. Dereva anawasha taa, anavuka mdogomdogo.' Nikamwambia, haya baba, mvushe wewe."

Akamvusha, kona kwa kona, wodi nzima ikisikiliza. Kesho yake yeye mwenyewe alimwita daktari, akakubali jicho la pili lipasuliwe.

Leo saa nne bandeji ya jicho hilo inafunguliwa. Anapepesa, anatulia. Anaona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu mbele yake. Daktari anasema kwa kuanzia si haba.

"Kumbe mfupi hivi," dereva anamwambia Mama Deki. "Kwa sauti ile nilidhani wewe ni jitu zima."

Mama Deki anacheka, anajifuta macho kwa kiwiko. Kitabu kikitoka, anataka kukirekodi kwa sauti, kwa sababu wasomaji wake wa kwanza hawawezi kukisoma. Binti yake mkubwa ameahidi kumsaidia kwa simu.

"Tumejaribu ukurasa mmoja. Ananiambia nasoma kama napiga deki, narudia palepale. Nitajifunza tu."