Wimbo wa Guyo ulipotelea chini ya tangazo la ngamia

Leo redio imemnyima kaka yangu nafasi yake, na mimi nimeshindwa hata kulalamika.

Mnakijua kile kipindi cha nyimbo kumi bora, kinachorekodiwa Nairobi na kuchezwa na kituo chetu hapa Isiolo? Leo wimbo wa kaka yangu Guyo ulikuwa nambari nne.

Baba hajawahi kuukubali muziki wake. Nilimbembeleza sana, akasema, "Haya, nitasikiza mara moja tu." Akakaa na redio kule kijijini Kulamawe. Mimi nikasikiliza ofisini, sauti chini, nikimwogopa bosi.

Mtangazaji wa Nairobi akaanza, "Na sasa, kijana kutoka Isiolo..."

Kituo chetu kikamkata. Tangazo la ngamia waliopotea. Kwa Kiswahili, halafu kwa Kiborana, halafu tena.

Sawa, ngamia ni mali ya mtu. Lakini si wangesimamisha kipindi kwanza? Kiliendelea kwenda chini ya tangazo. Waliporudi, tulikuta nambari tatu.

Nikapiga simu kituoni. Dada mmoja akapokea kwa upole, "Salaam aleikum, tukusaidie?"

Nikaogopa, nikakata.

Kisha Baba akapiga, amefurahi kweli. "Hao ngamia nimewaona asubuhi! Naenda kumwambia mwenye mali."

"Na wimbo, Baba?"

"Wimbo sijasikia. Lakini nilisema nitasikiza, nikasikiza."

Sasa Guyo ameniandikia: "Baba amesemaje?"

Anaona nimesoma. Jamani, mngekuwa mimi mngemjibu nini?